Alichomwa saa 8 usiku, akasema saa 11 alfajiri: kisa cha sindano kwenye boksi lililojaa

Kabla ya yote

Kisa hiki kilitokea kwenye hospitali moja ya wilaya, kanda ya Ziwa. Jina la hospitali nimelitoa, mwaka nimeutoa, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mhusika asijulikane, ila mtiririko wa mambo ndo huo huo na yeye mwenyewe kasoma akasema sawa, watu wajifunze. Nitamuita Sista N. Mimi wakati huo ndo nilikuwa muuguzi niliyekabidhiwa masuala ya kukinga maambukizi hospitali nzima, kwa hiyo baadhi ya makosa mtakayosoma hapa ni ya kwangu na nitayataja kama yalivyokuwa.

Nawaandikia hasa manesi wenzangu wa zamu za usiku kwenye vituo vyetu hivi, lakini pia mainchaji (wasimamizi wa wodi na vitengo), makatibu wa afya na yeyote anayeshika funguo za kabati lenye dawa.

Mazingira ya wodi

Wodi ya wanaume, vitanda 24, usiku huo kulikuwa na wagonjwa 31, wengine wamelala wawili wawili na wengine kwenye magodoro chini. Nesi mmoja. Mhudumu mmoja ambaye alikuwa anagawana na wodi ya watoto. Daktari wa zamu mmoja kwa hospitali nzima, na usiku huo muda mwingi alikuwa chumba cha upasuaji.

Sista N. ana miaka 6 kazini na niseme wazi sio mzembe, ni kati ya wale ukikuta kapanga trei yake unajua hii ni ya fulani. Nyakati 5 za kunawa mikono anazitaja kwa mpangilio bila kukwama. Kwenye mafunzo tuliyopewa baada ya mlipuko wa virusi vya Marburg kule Kagera mwaka 2023, ule uliouwa watu 6 na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya, yeye ndo alichaguliwa kuonyesha wenzake jinsi ya kuvua gauni na glovu bila kujichafua. Nayasema haya mapema kwa sababu kesho yake asubuhi watu wengi walishaamua kwamba tatizo ni uelewa wake mdogo.

Sasa boksi la kutupia sindano zilizotumika. Wote mnalijua, lile la karatasi ngumu la njano la lita 5, lina mstari kwenye robo tatu, ukifika hapo unafunga na kuweka jingine. La wodini lilikuwa limepita mstari siku 2 nyuma. Mdomo wake ulishachanwa kidogo kwa mkasi ili bomba kubwa za mililita 20 zipite, kifuniko kimeshikiliwa na plasta, na ukilitazama kwa juu unaona vichwa vya sindano vimelala lala hapo mdomoni kabisa. Stoo yalikuwa yamebaki mawili na mwezi ulikuwa na siku 9 mbele, kwa hiyo inchaji aliagiza yatumike mpaka yajae kabisa. Inchaji hakufanya hivyo kwa roho mbaya, alikuwa anapiga hesabu ya mwezi kama anavyopiga hesabu ya pamba na spiriti, akijua yakiisha watu watarudi kwenye makopo na maboksi ya dripu.

Usiku wenyewe

Saa 8 kasoro aliletwa mzee mmoja wa makamo, malaria kali, amechanganyikiwa, anarusha mikono. Ndugu wawili wakamshika. Sista N. alivaa glovu, akatafuta mshipa mara ya kwanza ukapasuka, mara ya pili akapata, akafunga kanyula (kile kimpira kinachobaki ndani ya mshipa) vizuri, ile sindano ya ndani akaiweka kwenye trei kwa sababu boksi lipo mezani kwa manesi, mita kama 12 kutoka kitandani. Hakurudishia kifuniko cha sindano. Nasisitiza hapo, hakurudishia kifuniko, alifanya kama alivyofundishwa.

Akatembea na trei mpaka mezani. Taa ya pale ilikuwa inawaka na kuzima. Akashika ile sindano akaisukuma kwenye mdomo wa boksi, haikuingia, akasukuma tena kwa kidole, na hapo ndo akahisi. Sio sindano aliyoishika yeye. Ni nyingine iliyokuwa imekaa kwenye mdomo wa boksi imeangalia juu.

Aliniambia baadaye kwamba alisimama akakitazama kidole cha shahada, damu ikapanda taratibu chini ya glovu ikawa kama mbegu ya mpapai, na kitu cha kwanza alichofikiria ni kwamba dripu ya mgonjwa wa kitanda namba 7 inakaribia kuisha. Saa ya ukutani ilikuwa saa 8 na dakika 20.

Akavua glovu. Akakiminya kidole kwa nguvu ili damu chafu itoke. Akakichovya kwenye ndoo ya jiki ile ya asilimia 0.5 tunayolowekea vifaa, akakiacha humo mpaka kikaanza kuwasha. Akafunga plasta, akavaa glovu mbili, akaenda kubadilisha dripu ya namba 7. Baada ya hapo akatoa dawa za saa 9, akamgeuza mgonjwa wa kiharusi peke yake maana mhudumu alikuwa upande wa watoto, akajaza mafaili. Hakumwambia mtu.

Saa 11 kasoro robo akaja nesi wa wodi ya wazazi kuazima mipira ya dripu. Huyu ni mkubwa kwake, anamuita dada. Akamkuta kakaa, kitu ambacho si kawaida yake, macho yamemtoka.

“We vipi, unaumwa?”

“Hapana dada, nimechoka tu.”

“Hicho kidole?”

Hapo ndo akalia. Yule dada hakuuliza ilikuwaje, alisema jambo moja tu, “Twende ukanawe vizuri alafu tumpigie daktari,” na kwa maoni yangu katika kisa chote hiki hakuna aliyefanya vizuri kuliko yeye.

Kutafuta dawa

Daktari wa zamu alitoka upasuaji saa 11 na nusu. Akasema sahihi kabisa, kwamba inatakiwa PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, ianze haraka, kila saa inayopita inapunguza nguvu ya kinga na mwisho ni saa 72. Alipouliza iko wapi ikawa shughuli. Dawa ziko CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU, na CTC inafunguliwa saa 1 na nusu asubuhi. Kulikuwa na makubaliano ya zamani kwamba dozi za kuanzia zikae kwenye kabati la dharura mapokezi, mimi mwenyewe nilikuwepo kwenye kikao kile na niliandika muhtasari. Kabati lipo. Dozi zilikuwemo kweli, tulizikuta baadaye. Funguo alikuwa nayo inchaji wa mapokezi, kalala nyumbani kwake, simu imezimwa.

Kwa hiyo Sista N. alirudi wodini kumalizia zamu, akakabidhi saa 1 na nusu kama kawaida, akaenda kukaa kwenye benchi la CTC pamoja na wagonjwa. Muuguzi wa CTC alifika saa 2. Akanipigia na mimi nikaenda.

Naandika sasa nilichomwambia nilipofika. Nilimuuliza, “Ulivaa glovu?” Alafu nikaongeza, “Si ulirudishia kifuniko wewe?” Mtu amekesha na wagonjwa 31, amechomwa, amekaa masaa 6 na hofu yake, na mimi ndo mtu wa usalama wa hospitali, swali langu la kwanza likawa la kumtafutia kosa. Alinijibu kwa sauti ya chini kwamba alivaa. Nimemuomba radhi baadaye na akanisamehe ila sentensi ile najua haikusahaulika.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, tuanze PEP au tusubiri kujua chanzo. Kawaida ukichomwa na sindano ya mgonjwa unayemjua, unaomba ridhaa yake apimwe, akiwa hana maambukizi mnaweza kusimamisha dawa. Hapa sindano ilitoka kwenye boksi, imetumika kwa nani hakuna ajuaye, na hilo boksi lilishabeba sindano za siku nyingi za wodi nzima, wakiwemo wagonjwa tuliojua wanaishi na VVU. Kuna mtu alishauri sindano itafutwe ipelekwe maabara ipimwe. Hilo halifanyiki, majibu yake hayaaminiki na unahatarisha mtu mwingine kwa kuchokonoa boksi. Tukakubaliana chanzo hakijulikani, sindano ni yenye uwazi ndani, imetoboa glovu na ngozi na damu imetoka, dawa inaanza. Kidonge kimoja kwa siku, siku 28, ile ile ya mchanganyiko wa tenofovir, lamivudini na dolutegravir.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi, kipimo cha VVU cha kuanzia. Sista N. aligoma. Hakugoma dawa, aligoma kupimwa. Alisema anayepima ni mtu anayekula nae mihogo saa 4, daftari linakaa wazi mezani, na ikitokea ana maambukizi kutoka huko nyuma basi hospitali nzima itajua kabla ya mchana. Hakuna aliyeweza kumwambia anakosea. Tulichofanya ni kumpa dozi kwanza, akameza saa 2 na dakika 50, alafu ndo tukakaa kuongea bila presha ya saa. Muuguzi wa CTC akamueleza kitu ambacho naamini manesi wengi hatukijui. Kipimo cha siku ya kwanza ndo ushahidi wako kwamba ulipochomwa ulikuwa salama, bila hicho hata ukipata madhara huwezi kuonyesha yametokana na kazi. Tukampa namba badala ya jina, akapimwa na mtu mmoja tu, majibu yakaandikwa na mtu huyo huyo na karatasi akakaa nayo yeye. Alikubali saa 4. Alikuwa hana maambukizi.

Homa ya ini hakuna aliyeikumbuka mpaka mchana. Watu wote akili ilikuwa kwenye VVU, wakati ukiangalia hesabu, sindano yenye VVU inaambukiza kama watu 3 katika kila 1000 wanaochomwa, lakini ya homa ya ini B kwa mtu asiye na chanjo inaweza kuambukiza kuanzia 6 hadi 30 katika kila 100. Na virusi vyake vinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na zaidi bado vina nguvu, kwa hiyo boksi la siku nyingi halikupi unafuu wowote. Sista N. alichanjwa dozi moja akiwa chuoni. Ya pili ilitakiwa baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6, hakuzipata kwa sababu alikuwa fildi alafu mitihani alafu maisha. Tukampima homa ya ini, hakuwa nayo. Chanjo kwetu haikuwepo, ikafuatwa hospitali ya mkoa kesho yake. Na hapa mjue, ukikatisha katikati huhitaji kuanza upya, unaendelea ulipoishia. Wengi wanaacha kabisa wakidhani dozi ya zamani imeshaharibika.

Uamuzi wa mwisho ni wa karatasi. Kwenye ofisi ya utawala tuliambiwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni ya watu wa viwandani wanaokatwa na mashine. Hapana. Ule mfuko ulianzishwa na sheria ya mwaka 2008 na unahusu waajiriwa wa sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara, na ugonjwa unaotokana na kazi umo ndani yake, sio ajali tu. Fomu ilijazwa siku ya 5 baada ya kubishana sana, na nashukuru kipimo cha siku ya kwanza kilikuwepo cha kuambatanisha.

Siku 28

Watu huwa wanaandika “alimaliza dozi” kana kwamba ni siku moja. Siku ya 3 alimwambia mumewe, kwa sababu walitakiwa kutumia kondomu mpaka vipimo viishe, na mazungumzo yale aliyafanya peke yake, hatukumpa mtu wa kumsindikiza. Siku ya 4 mpaka ya 8 alikuwa na kichefuchefu na usingizi hauji, na bado ratiba ilimuweka zamu ya usiku. Siku ya 9 akanitumia meseji kwamba anaacha, bora liwalo na liwe. Yule dada wa wodi ya wazazi ndo alienda kwake jioni. Kesho yake matroni akamhamishia zamu ya asubuhi, akashauriwa ameze dawa asubuhi badala ya usiku ili usingizi usisumbuke, na kuanzia hapo akaenda vizuri mpaka mwisho.

Wiki ya 6 alipima, hana. Mwezi wa 3, hana. Chanjo ya homa ya ini kamaliza.

Mama wa usafi

Nilipoanza kufuatilia boksi linavyotembea, kutoka wodini mpaka kwenye kichomea taka, nikafika kwa mama mmoja mhudumu, wa mkataba. Yeye ndo anayebeba. Nikamuuliza tu kwa kupita, “Mama, wewe hujawahi kuchomwa?” Akacheka kidogo akasema, “Mwanangu, mara mbili.” Mara ya kwanza mkononi. Mara ya pili boksi liliwekwa kwenye sakafu yenye maji, chini likalowa, alipolibeba likapasuka na sindano ikamuingia juu ya mguu. Alikuwa amevaa kandambili. Gambuti zilikuwepo jozi moja kwa wahudumu watano, anayewahi ndo anavaa.

Alifanya nini? Alinawa, akapaka mafuta ya taa, akaendelea. Hakumwambia mtu kwa sababu mkataba wake unaisha Juni na aliogopa wasimuongezee.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Kwenye mafunzo yote niliyoendesha mimi, yale ya Marburg na ya kila robo mwaka, sikuwahi kumuita yeye hata mara moja. Orodha ya washiriki ilikuwa ya manesi, madaktari na watu wa maabara. Mtu anayegusa kila sindano ya hospitali baada ya sisi wote kumaliza kuigusa hakuwemo kwenye orodha. Tulimpima, kwa bahati nzuri hana VVU wala homa ya ini, akaanza chanjo.

Uchambuzi: tatizo lilikuwa uelewa gani?

Ripoti ya kwanza, ambayo karibu niisaini, ilisema chanzo ni “uelewa mdogo wa muuguzi kuhusu utupaji salama wa vifaa vyenye ncha kali” na pendekezo likawa mafunzo rejea. Ni sentensi rahisi kuandika na inampendeza kila mtu isipokuwa aliyechomwa. Lakini ukifuata tukio hatua kwa hatua, kuhusu kutupa sindano Sista N. alijua kila kitu. Kilichomchoma ni boksi lililopita mstari, lililo mita 12 kutoka kitandani, chini ya taa mbovu, usiku wenye nesi mmoja. Vyote hivyo vinne vilijulikana na watu wenye mamlaka ya kuvibadilisha, mimi nikiwemo, na boksi lile nililipita mchana wake.

Uelewa uliokosekana ni mwingine, na huo tulikuwa nao wachache sana. Hakujua kwamba kuminya kidole hakusaidii na jiki inachoma ngozi tu, kwamba dawa ni maji yanayotiririka na sabuni basi. Hakujua PEP usiku inapatikana wapi, na ukweli ni kwamba nesi yeyote wa zamu ile asingejua. Kipimo cha siku ya kwanza kwake kilikuwa hatari, hakujua kinamlinda, na WCF hakudhani inamhusu. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, inataka sehemu ya kazi iwe na wawakilishi wa usalama wa wafanyakazi, na yeye hakujua wa kwetu ni nani. Nikatafuta kwenye mafaili. Wa kwetu alikuwa ameshahama kituo miaka 2 nyuma.

Na chini ya yote hayo kuna kitu ambacho bado kinanisumbua. Amechomwa, na akili yake ikaenda kwenye dripu ya kitanda namba 7. Tumelelewa hivyo. Kuanzia chuo tunafundishwa usalama wa mgonjwa, glovu ni kwa ajili ya mgonjwa, kunawa ni kwa ajili ya mgonjwa, na ni kweli, lakini hakuna mahali tulipofundishwa kwa uzito ule ule kwamba na sisi tuna miili. Ndo maana nesi anageuza mgonjwa wa kiharusi peke yake mpaka mgongo unakufa akiwa na miaka 40, anakohoa wiki 3 wodini kwenye TB hapimi makohozi, anatukanwa na kusukumwa na ndugu wa marehemu anafuta machozi anaendelea, na ukimuuliza anakwambia ndo kazi. Ukiwauliza manesi kama wanajua hatari za kazi yao watakutajia zote. Waulize mara ya mwisho waliripoti lini.

Tuliuliza. Daftari la matukio lilikuwa halina hata tukio moja mwaka mzima, na kwenye vikao vya robo mwaka tulikuwa tunalisoma kama sifa, sifuri, makofi. Kwenye kikao cha manesi baada ya tukio hili matroni akasema kila mtu afumbe macho, aliyewahi kuchomwa akiwa hapa anyooshe mkono. Zaidi ya nusu ya waliokuwepo walinyoosha, na yeye mwenyewe matroni alinyoosha. Sifuri ile ilikuwa hofu tu ya swali kama nililouliza mimi.

Kuhusu kilichofanya kazi, sitaki kukipuuza. Kutoa dozi kwanza na kubishana baadaye kulikuwa sahihi. Kutumia namba kwenye kipimo kulimfanya akubali. Kubadilisha ratiba siku ya 10 kuliokoa dozi nzima, na kulihitaji sahihi moja tu ya matroni. Na yule dada aliyeacha mipira yake ya dripu akamshika mkono mwenzake, bila yeye sidhani kama tungejua kabisa.

Tulichobadilisha

Dozi 3 za kuanzia PEP zimehamishiwa kwenye kabati la DDA (lile la dawa zinazodhibitiwa) mapokezi, kwa sababu funguo za DDA zinakabidhiwa zamu kwa zamu na kuandikwa, haziendi nyumbani na mtu. Namba ya simu ya zamu imebandikwa juu ya kila sinki, na chini yake maneno mawili tu, NAWA, PIGA. Aliyechomwa anaachia zamu saa hiyo hiyo, daktari wa zamu au msimamizi wa usiku anatafuta wa kushika, hata kama ni wa kuazima nusu saa. Boksi linatembea na toroli mpaka kitandani. Linafungwa kwenye mstari, na anayeruhusu lizidi anaandika jina lake. Swali la kwanza kwa aliyechomwa tumekubaliana liwe “umeshanawa?” na la pili “umeshapata dawa?”. Swali la “ilikuwaje?” linasubiri kesho, na linaanza na vifaa kabla ya mtu.

Miezi 3 ya mwanzo daftari likapata matukio 6. Mganga Mfawidhi alishtuka akadhani mambo yameharibika, tukakaa nae tukaeleza kwamba hayo yalikuwepo siku zote, ila sasa watu wanasema. Wote 6 walipata dozi ya kwanza ndani ya masaa 2.

Ambacho hakijakaa sawa

Mwezi wa 4 maboksi yaliisha tena na wodi mbili zikarudi kwenye maboksi ya dripu kwa siku 5, mimi nikiona. Nesi wa usiku bado ni mmoja, na hilo sina uwezo nalo, nimeliandika kwenye kila ripoti na nitaendelea kuliandika. Chanjo ya homa ya ini wengi wamepata dozi ya kwanza na ya pili, ya tatu watu wanapotea kama alivyopotea Sista N. chuoni, kwa hiyo sasa mimi na muuguzi wa chanjo tunafuata mtu kwa simu mmoja mmoja. Mwakilishi wa usalama mpya amechaguliwa, ni mtu wa maabara, na safari hii wahudumu walipiga kura.

Mama wa usafi mkataba wake umeongezwa. Anahudhuria kikao cha Jumatatu, anakaa mbele, na wiki ya pili tu alituambia kitu ambacho hakuna nesi aliyewahi kukigundua, kwamba maboksi ya wodi ya wazazi huwa mazito kuliko ya wengine kwa sababu watu wanatupia humo chupa za dawa, ndo maana yanapasuka chini. Gambuti zake zimefika mwezi uliopita. Zimeletwa namba 8, yeye anavaa namba 5, anajaza soksi mbili na kitambaa mbele ndo zisimvuke akitembea. Barua ya kuzibadilisha ipo kwa katibu wa afya, kila Jumatatu nikitoka kikaoni napitia kuiulizia.